Wanaokaa na Wanaopita

Mwanamke akikaa peke yake kwenye benchi la mjini, haipiti robo saa kabla hajaulizwa anamngoja nani. Dar es Salaam nimeulizwa na walinzi, na wauza karanga, na wazee wenye nia njema waliodhani nimepotea. Mwanaume aliye benchi la pili, viatu kavua na gazeti kajifunika usoni, haulizwi na mtu. Swali hilo nimeishi nalo miaka mingi bila kulikasirikia sana, maana jibu ninalo: namngoja mume wangu, anakuja sasa hivi. Mume mwenyewe yuko kazini Morogoro, lakini jina lake hunilindia kiti.

Nilipopata likizo mwaka huu nikaamua kwenda Unguja, Mombasa na Nairobi kutazama mahali ambapo watu wa mjini hukaa bila kulipa kiingilio na bila kuagiza soda, na kutazama wanawake wako wapi katika mahali hapo. Dada yangu alinicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzako wanakwenda Dubai," akasema, "wewe unakwenda kukalia mabenchi."

Nilianzia nyumbani, Mnazi Mmoja. Uwanja huu haukuachwa wazi ili watu wapumzike. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi za watu, na uwazi huu ukawa mpaka kati ya mji wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika, eti hewa ipite na maradhi yasivuke. Waliotengwa wakauchukua mpaka wakaufanya uwanja wao. Hapa TANU ilifanya mikutano yake ya mwanzo, na miongoni mwa waliokuja kuwika katika mikutano ya chama hicho ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama ambaye kuanzia 1955 aliwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu, akipitia kwenye vikundi vyao vya ngoma. Leo barabara kubwa inayopita kando ya uwanja ina jina lake.

Nilikaa hapo Jumamosi asubuhi hadi jua lilipoanza kuchoma. Chini ya miti walikuwepo wanaume: wengine wamelala, wengine wanabishana kuhusu Simba na Yanga, mmoja anasoma Biblia kwa sauti ambayo haikumsumbua yeyote. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, ila karibu wote walikuwa wanapita. Walitoka Kariakoo na mifuko, watoto mgongoni, wanakimbilia mwendokasi. Mwanamke pekee aliyekuwa amekaa ni mama lishe kwenye kigoda chake, na yeye alikuwa kazini. Nilipomuuliza kama huwa anapumzika pale baada ya kuuza, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama huwa analala barabarani.

"Nipumzike hapa nifanye nini, dada? Nikimaliza nakwenda kwangu."

Coco Beach ni habari nyingine, lakini Coco ni ya Jumapili. Siku hiyo wanawake wanakaa mchangani kwa makundi, mihogo ya kukaanga imejaa pilipili, watoto wanapiga kelele majini. Jumanne saa tisa alasiri ufukwe ni uleule, upepo ni uleule, na mwanamke aliyekaa peke yake anaulizwa.

*

Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Niliteremka Malindi, nikapita kwenye foleni ya pasipoti ambayo sisi wa bara bado tunaikuta, nikapanda daladala hadi Michenzani anakokaa mama mdogo. Maghorofa yale marefu yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ukiyatazama kutoka barabarani unaona saruji na nguo zilizoanikwa. Mchoraji ramani aliwapa watu vyumba, jiko, maji na ngazi. Baraza hakuchora.

Hilo mama mdogo amelitatua zamani. Saa kumi alasiri alichukua mkeka, akaniambia nichukue chupa ya chai, tukashuka hadi kwenye kituo cha ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, mahali upepo unapopita. Jirani mmoja alikuwa ameshafika na ungo wa mchele. Mwingine akaja na ukili, akaanza kusuka bila kuutazama. Msichana akakaa ngazi ya chini, akasukwa nywele. Kila anayepanda au kushuka alilazimika kuruka miguu yetu, akasalimia, akaulizwa anatoka wapi na kabeba nini.

"Wanaume wana baraza," mama mdogo akasema, "sie tuna ngazi. Na ngazi haina mlango, mwanangu. Hapiti mtu nisimjue."

Sijaona mahali penye habari nyingi kuliko kituo kile cha ngazi. Kabla ya Magharibi nilikuwa nimejua bei ya sukari katika maduka yote ya karibu, nani kaposwa, nani karudi kutoka Oman na mizigo kiasi gani, na kwa nini maji hayakupanda juu tangu juzi. Lakini ni mahali pa wenyeji wa ghorofa hilo tu. Mwanamke wa ghorofa jingine akija atakaribishwa kwa chai, ila atakuwa mgeni. Hicho ndicho kilichonisumbua nilipokuwa nakunywa chai yangu: wanawake wa mji huu wanakaa kwa wingi, tena kwa starehe, lakini wanakaa mahali ambapo ni lazima uwe wa mtu fulani.

Kesho yake nikaingia Mji Mkongwe. Mji ule umejengwa kwa kukaa. Mbele ya nyumba baada ya nyumba kuna baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta, na mvua ikinyesha vichochoro vikajaa maji, watu hupita juu yake wasiloane miguu. Nikatembea taratibu hadi Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana, mahali palipopewa jina la ile filamu ya papa. Mwuza kahawa alikuwa na dele lake juu ya mkaa na finjani zake kwenye beseni la maji. Wazee wanacheza dhumna, wanapigiza vipande mezani kama wanaogombana. Siasa za Unguja zimezungumzwa pale kwa miaka mingi, za kila rangi ya bendera, na mtu akitaka kujua watu wanasema nini kabla ya uchaguzi haendi kwingine.

Mwanamke mwenyeji aliyekaa sikumwona. Walikuwepo wasichana wawili wa Kizungu, wamekaa barazani katikati ya wazee, miguu nje, wamepewa finjani na kashata, na mzee mmoja anawafundisha kuhesabu hadi kumi. Hakuna aliyewauliza wanamngoja nani. Mimi nilinunua kahawa yangu nikainywa nimesimama. Hakuna aliyenifukuza, nisiwasingizie. Mzee mmoja hata alisogea kunipa nafasi, lakini aliposogea mazungumzo yalikatika, mwenzake akavuta kanzu, na mwenye kete mkononi akasahau zamu ni ya nani. Mgeni wa mbali hana ukoo wa kuulizwa. Mimi, kwa baibui langu na lafudhi yangu, lazima nina mjomba mahali fulani mjini, na pengine mjomba huyo alikuwa mmoja wao.

"Ulikaa?" mama mdogo aliuliza jioni.

"Nilisimama."

"Bora."

Kule Vuga kuna Bustani ya Victoria, ambayo watalii hawaendi sana. Sultan Barghash aliijenga kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, wapate kutembea bila kuonwa na wapita njia. Baadaye Sultan Hamoud akaitoa kwa umma, ikapewa jina la malkia wa Uingereza, na kuanzia 1926 ukumbi wake ukawa wa Baraza la Kutunga Sheria. Nikikaa chini ya mti wa bustani ile nilifikiria mpangilio huo kwa muda. Palipokuwa pa wanawake palifungwa kwa ukuta. Pakafunguliwa kwa watu wote, na waliozoea kukaa hapo hawakuhesabiwa miongoni mwa hao watu wote.

Ngome ya ushindi wa wanawake wa Unguja, kama ipo, ni Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa kwa jubilei ya Sultan Khalifa, 1936, ikachakaa, ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Nyuma yake Beit-al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Barghash mwaka 1883, bado inauguza jeraha la tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu yake ilipoporomoka na kuua watu wawili. Mbele yake vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakipinduka hewani huku wakiwatupia macho wenye kamera.

Mama mdogo alinipa mtoto wa jirani nimchukue, kijana wa miaka mitano mwenye kiu isiyoisha. "Ukiwa na huyu utakaa kwa raha," akasema, na sikuelewa maana yake hadi nilipofika. Mtoto ni kibali. Nikiwa na mtoto pembeni, na mkono wake umejaa urojo, nilikaa kwenye nyasi toka jua lilipozama hadi taa za wauza samaki zilipokuwa ndizo mwanga pekee usoni mwa watu, na hapana aliyenisemesha isipokuwa kuniuliza kama nataka maji ya miwa. Pembeni yangu walikuwepo akina mama kwa makumi, na karibu kila kundi lilikuwa na mtoto wa kuonyesha. Wale waliokuwa wamezaa walikaa na watoto wao. Wale ambao hawajazaa, naamini, walikuwa wameazima kama mimi.

*

Barabara ya Dar kwenda Mombasa kupitia Tanga siisimulii, ina mkonge na mabasi, na mpaka wa Horohoro na Lungalunga una foleni mbili badala ya moja. Naanzia Likoni, kwa sababu Likoni ndiko nilikoanza kufurahi.

Kivuko cha Likoni hakimtozi mwenye miguu. Ukiwa na gari unalipa, ukiwa na miguu unavuka bure, na kwa sababu hiyo umati unaosubiri kuvuka asubuhi ni mji mzima: wafanyakazi wa bandari, wanafunzi, wauza maziwa, mafundi, akina mama na mabeseni ya samaki, mtu na mbuzi wake. Lango linapofunguliwa watu hushuka kwenda feri wote kwa pamoja, na usipofuata mwendo unasukumwa. Haki ile ya kupita bila pesa watu wa Mombasa wameizoea mno hata hawaizungumzii. Mimi ninayevuka Kigamboni kwa kulipia kila ninapopanda pantoni niliizungumzia na kila aliyenisikiliza, mpaka kijana mmoja wa mkokoteni akaniambia, "Dadangu, vuka basi, wenzako wachelewa."

Jioni nilikwenda Mama Ngina, barabara ya pwani kusini mwa kisiwa, ambako wengi bado husema wanakwenda Lighthouse. Serikali iliikarabati ikafunguliwa Oktoba 2019, siku ya Mashujaa ikaadhimishwa hapohapo. Kabla ya ukarabati kulikuwa na mibuyu, upepo na wauza mihogo. Sasa kuna mibuyu, upepo, wauza mihogo, na viti vya saruji. Meli za kwenda Kilindini hupita karibu sana na ukingo, hata mtu wa nchi kavu anaweza kumpungia mkono baharia aliyesimama sitahani.

Na wanawake wamekaa! Sikuwa tayari kwa wingi wao. Wamekaa wawili, watatu, sita, mabuibui yamepigwa na upepo, wanakula kachiri zenye ndimu na pilipili kutoka kwenye mifuko ya karatasi, wanacheka kwa sauti ambayo Dar es Salaam ningeisikia harusini tu. Wamo wazee, wamo wasichana wa chuo, wamo waliokuja na waume na kuwaacha ndani ya gari. Hata mmoja peke yake nilimwona, mama wa makamo, kakaa na dafu lake akitazama maji, na nilimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Nilikaa karibu na mama anayeuza mihogo. Alikuwa na jiko, sufuria la mafuta, na mwanawe anayekata. Nikamsifia mahali pake.

"Pazuri," akasema. "Taa zipo, askari wapita, watu ni wa kwao. Ila mie tangu adhuhuri sinywi maji."

"Kwa nini?"

"Nikinywa niende wapi? Choo ni mbali na jiko hili ntamwachia nani? Nanywa nikifika nyumbani."

Kisha akaniuliza kama nataka ya pilipili ama kavu.

Baada ya maneno yale sikuweza tena kuutazama mji kwa jicho nililokuwa nalo. Nimesoma makala nyingi za wataalamu wa miji, wanaandika juu ya miti, vivuli, njia za miguu, mabenchi yenye mgongo na yasiyo na mgongo. Katika kitu kimoja wanaume wengi wenye taaluma hiyo wana bahati, wakibanwa kuna ukuta. Mwanamke hupima safari yake ya mjini kwa choo. Mama yangu alikuwa akienda Kariakoo baada ya kunywa chai nusu kikombe, na mimi nimerithi nusu kikombe hicho bila kujiuliza kilitoka wapi. Kumbe tunaopita upesi hatuna haraka yoyote. Tuna saa tatu, labda nne, kisha lazima tuwe karibu na mlango wa mtu tunayemjua.

*

Treni ya Madaraka Express inatoka Miritini inafika Syokimau baada ya kama saa tano, na inapopita katikati ya Tsavo abiria wote wanakuwa watoto, wanaoneshana tembo. Nairobi nilifikia kwa rafiki yangu, mwalimu, anayeishi upande wa barabara ya Kiambu. Asubuhi alinivalisha raba zake akanipeleka Karura.

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye lango lake walipokwenda kupanda miti kuzuia ardhi yake isigawiwe wajenzi. Ulinusurika, lakini kwa miaka mingine watu waliogopa kuingia, kwa sababu ya wezi na maiti zilizookotwa humo. Baadaye wapenzi wa msitu wakishirikiana na shirika la misitu la serikali waliuzungushia uzio wa umeme, wakaweka walinzi, njia, vyoo safi, na tiketi getini.

Nilitembea humo asubuhi nzima. Wanawake walikimbia peke yao, masikioni wameweka muziki, jambo ambalo hakuna mwanamke hulifanya mahali anapoogopa. Wengine walikuwa wamekaa kwenye magogo wakisoma. Mmoja kalala chali kwenye nyasi, mikono kaitandaza, macho kafumba. Sijawahi kuona mwanamke mzima Mwafrika kalala chali hadharani. Nilitaka nikae pale mwezi.

Rafiki yangu aliona uso wangu. "Unaona? Hapa hakuna mtu wa kukuuliza."

"Kwa sababu wa kuuliza hawana pesa ya kuingia."

Alikaa kimya, kisha akasema ni kweli, na kwamba yeye kwa mshahara wa mwalimu anaulipia usalama huo kila Jumamosi na hajuti. Mimi pia sikujuta. Nililipa, nikafurahia, na nimebaki na ukakasi, maana mama wa mihogo wa Mama Ngina hataingia Karura, na mwuza kahawa wa Jaws Corner hataingia, na ikiwa bei ya mwanamke kulala chali ni uzio wa umeme, basi wengi wetu tutaendelea kusimama. Rafiki yangu anasema nachanganya mambo. Inawezekana. Tulibishana hadi Muthaiga.

Siku nyingine nilikwenda mjini peke yangu. Uhuru Park niliiona nikiwa na historia yake mkononi, na historia hiyo karibu yote ni ya wanawake. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga hapo jengo la ghorofa 60 la kampuni yake ya magazeti, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila mwenye ofisi, ndani na nje ya nchi. Wabunge walimtukana kwa talaka yake, na Moi mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke mwenye mila zake huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Wafadhili wakaogopa, mradi ukafa. Leo mtu anayejilaza kwenye nyasi zile saa saba mchana, tai kailegeza, amelala juu ya barua za mwanamke mmoja.

Februari 1992 akina mama waliokuwa na watoto wao jela kwa makosa ya kisiasa walikuja kwenye pembe ya bustani hiyo, ile iliyokuja kuitwa Freedom Corner, wakafanya jambo moja: wakakaa. Walikaa bila kula, usiku na mchana, wakidai wana wao. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na gesi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Watu wa kabila lolote la Kenya walielewa maana ya mama mzee kukuvulia nguo. Wakahamia kanisa la All Saints, hatua chache kutoka pale, wakakaa humo karibu mwaka mzima hadi wana wao wengi wakatolewa. Na Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu kwa madai kwamba amevaa vibaya, wanawake wa Nairobi walikusanyika Uhuru Park hiyohiyo wakaandamana mjini.

Nikatoka hapo kwenda bustani ya Jeevanjee, ambayo ni ndogo, kama ekari tano, imebanwa kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, na kwangu ndiyo bustani bora ya Afrika Mashariki. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya ya kikoloni kabla ya mtu mwingine yeyote asiye Mzungu, aliitoa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 ulipozuka mpango wa kuijenga, maegesho ya magari yakiwemo, aliyeongoza vita ya kuiokoa ni mjukuu wake, Zarina Patel. Malkia naye aliendelea kusimama hadi 2015 alipoangushwa. Kwa zaidi ya miaka mia alikuwa mwanamke pekee katika bustani ile aliyekaa mchana kutwa bila kusemeshwa, na hata yeye hakudumu.

Nilipofika mabenchi yalikuwa yamejaa wanaume. Mhubiri alikuwa akitangaza mwisho wa dunia upande mmoja, na upande wa pili, chini ya mti, Bunge la Mwananchi lilikuwa kikaoni. Hawana jengo wala marupurupu. Wanasimama duara, anayetaka kusema ananyoosha mkono, na anayezidisha anazomewa. Siku hiyo mjadala ulianzia bei ya unga ukaishia wachuuzi wanaofukuzwa barabarani, na katikati yake mzee mmoja mwenye koti akalalamika kwamba akina mama hawaji bungeni kwa sababu hawapendi siasa. Watu wengi wakaitikia.

Nikanyoosha mkono. Sikupanga.

"Huyu mama apewe nafasi," kijana aliyeongoza kikao akasema. "Sema, mama. Umetoka wapi?"

"Tanzania."

"Karibu Kenya. Dakika mbili."

"Nauliza tu. Choo cha karibu kiko wapi?"

Wakacheka. Kijana akanionesha mkono upande wa barabara. "Hapo. Unalipa kidogo tu."

"Na mtu akikaa bungeni kutwa, analipa mara ngapi?"

Kicheko kikapungua. Nyuma yangu mwanamke aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, ambaye nilidhani hasikilizi, akajibu kabla yao. "Mimi nalipa mara tatu, na nikiwa na mtoto ni sita! Mheshimiwa, piga hesabu kwa mwezi!" Akaitaja jumla mwenyewe, kwa mayai, na watu wakapiga mluzi.

Mzee mwenye koti akasema choo cha bure kitachafuliwa kwa siku moja. Mwingine akasema kodi inalipwa ya nini basi. Mwingine akataka ijulikane kwamba hata wanaume hulipa, akajibiwa kwa sauti kadhaa kwamba ukuta ule pale una harufu yake. Kiongozi wa kikao akapiga kofi mara mbili, akatangaza kwamba hoja ya choo imeingia na itajadiliwa kabla ya ile ya unga. Mama wa mayai akaweka beseni chini, akaja kusimama ndani ya duara. Hapo kijana mmoja mwembamba, miwani usoni, akanyoosha mkono kwa haraka akasema ana jambo la utaratibu: mgeni kutoka nchi nyingine anaruhusiwaje kuleta hoja katika bunge la Kenya? Likazuka zogo, nusu wakiitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki na nusu wakiitaja katiba, na ikaamuliwa kwamba hilo lazima lijibiwe kwanza.